Kuishi Nyumba ya Kirusi Chuoni Marekani: Mwongozo Kamili wa Kutoka Humo Ukizungumza

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wadogo zangu walioko vyuo vya Marekani hufanana sana. "Nilipata chumba nyumba ya Kirusi, muhula mzima umeisha, na bado nikiulizwa swali jikoni najibu kwa Kiingereza." Wengine wamekaa mwaka. Wanajua nyimbo mbili tatu, wanajua kupika supu ya kiazisukari chekundu, lakini kuzungumza hawawezi.

Kwa asiyeijua: nyumba ya Kirusi ni bweni dogo, au nyumba ya kawaida ndani ya eneo la chuo, ambamo wanafunzi wanaojifunza Kirusi hukaa pamoja na mtu mmoja au wawili waliokulia kwenye lugha hiyo. Chuo cha Oberlin wanayo, chuo cha Middlebury wanayo. Chuo cha Pomona waliweka Kirusi chini ya paa moja na lugha nyingine katika jengo la Oldenborg lililofunguliwa mwaka 1966.

Kabla ya hatua, piga hesabu hii. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba anayezungumza Kiingereza anahitaji wiki 44 hivi, yaani takriban saa 1,100 za darasani, ili afanye kazi kwa Kirusi. (Kiswahili wamekipa wiki 36, kwa hiyo tusijione wepesi.) Darasa la chuo hukupa saa nne au tano kwa wiki, kwa wiki zisizozidi 30 kwa mwaka. Hizo ni saa 150 ukibahatika. Miaka minne haikufikishi hata 700.

Saa zinazobaki ndizo unazozifuata kwenye hiyo nyumba. Nyumba haikufundishi Kirusi, inakupa saa tu, na saa hizo huvuja kupitia Kiingereza usipoziba mianya. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu kuziba mianya hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuhamia

- Ndala au kandambili za ndani, zisizokanyaga nje kabisa.
- Daftari la mistari na kalamu, kwa ajili ya kuzoea mwandiko wa mkono.
- Kibodi ya Kirusi kwenye simu na kompyuta. Chagua mpangilio wa kawaida wanaotumia Warusi wenyewe, siyo ule unaofuata herufi za Kilatini. Utateseka wiki mbili, kisha utaweza kutumia kompyuta yoyote ya wenzako.
- Kamusi inayofanya kazi bila intaneti, inayoonyesha mkazo wa kila neno. Ikikosa alama za mkazo, itupe.
- Viungo vyako: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba, pilipili manga. Sababu utaiona hatua ya sita.
- Kikombe chako mwenyewe. Kwenye nyumba za pamoja vikombe hupotea kuliko soksi.
- Koti na viatu vya baridi, kama chuo kiko kaskazini. Usisubiri theluji ianguke ndipo uende dukani.

Vitabu vya sarufi usinunue vingi. Kile cha darasani kinatosha.

## Hatua ya 1: Jua ni nyumba ya aina gani

Jina ni moja, mambo ni tofauti. Kuna nyumba nzima yenye jiko lake na wakazi kumi hivi. Kuna ukumbi mmoja tu ndani ya bweni kubwa, ambapo Kirusi kinaanzia mlango huu na kuishia mlango ule. Na kuna shule za kiangazi kama za Middlebury, ambako unatia saini ahadi ya kutozungumza, kutosoma wala kutoandika lugha nyingine yoyote hadi masomo yaishe. Shule ya Kirusi ya pale ilianza mwaka 1945, na ahadi hiyo haina mzaha.

Kabla ya kujaza fomu, muulize mhadhiri wako wa Kirusi au ofisi ya mabweni maswali haya:

1. Je, kuna mzungumzaji mzawa anayelala humo, au anakuja mara moja kwa wiki na kuondoka?
2. Mlo wa pamoja ni wa lazima? Mara ngapi, na nani anapika?
3. Je, nikikaa humo naruhusiwa kupunguza au kuacha mpango wa chakula wa chuo? Hapa kuna pesa ndefu.
4. Nyumba hufungwa likizo ya Novemba na ya Krismasi?

Swali la nne ndilo wanafunzi kutoka Afrika Mashariki husahau. Mmarekani akifungiwa bweni anakwenda kwao kwa gari. Wewe kwenu ni tiketi ya ndege. Kama nyumba hufungwa, omba mapema chumba cha likizo, na uombe kwa maandishi.

Tahadhari ya viza: mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, akibadilisha makazi anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 10 kupitia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kuhama kutoka bweni kwenda nyumba ya Kirusi ni kubadilisha makazi, hata kama ni kuvuka uwanja tu.

## Hatua ya 2: Andika maombi yanayowafaa wao

Waombaji wengi huandika jinsi wanavyoipenda lugha. Wanaochagua wameshasoma hayo mara nyingi. Wanachotaka kujua ni nani ataosha vyombo, nani atafika kwenye mlo wa pamoja, na nani ataendelea kuzungumza Kirusi kibovu badala ya kukimbilia Kiingereza.

Basi waambie hivyo. Taja usiku mmoja kwa wiki ambao uko tayari kupika. Taja kwamba umekua kati ya lugha mbili au tatu, na kwamba kukosea lugha mbele za watu si jambo geni kwako. Mtoto aliyetoka nyumbani na Kikuria au Kiluo, akaenda shuleni kwa Kiswahili, kisha akabadilishiwa Kiingereza, ameshafanya mara mbili jambo ambalo wenzake wa nyumba wanalijaribu kwa mara ya kwanza. Liseme.

Weka sentensi tano za Kirusi ulizoziandika mwenyewe. Usizitafsiri kwa mashine. Kwenye mahojiano utaulizwa kuhusu hizo hizo, na utaumbuka.

## Hatua ya 3: Wiki mbili kabla ya kuhamia

Herufi 33 unazijua, au utazijua ndani ya siku chache. Kinachowaangusha Waswahili ni mambo mengine matatu.

Mwandiko wa mkono. Ratiba ya zamu iliyobandikwa kwenye friji haiandikwi kwa herufi za kitabuni. Kwa mkono, herufi ya "t" hufanana na "m" yetu, "d" hufanana na "g", na "i" hufanana na "u". Ukisoma ratiba hiyo bila mazoezi utadhani ni lugha ya tatu. Nakili ukurasa mmoja kila siku kwa mwandiko wa kuunganisha.

Mkazo. Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine. Ulimi wetu umezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, kila siku. Kirusi hakina kanuni hiyo. Mkazo unaruka, na ukiruka maana inabadilika. Unga ni "muká", mkazo mwishoni. Ukisema kwa mazoea yetu, "múka", umeomba mateso. Kuandika ni "pisát". Ukilitamka Kiswahili-Kiswahili, umewatangazia waliokaa mezani kwamba unakwenda haja ndogo. Watacheka, na wewe hutajua kwa nini.

Mkazo pia hubadilisha sauti. "O" isiyo na mkazo husikika kama "a": maziwa huandikwa "moloko", hutamkwa "malakó". Kwa hiyo kila neno jipya lijifunze pamoja na mkazo wake, kama vile unavyojifunza jina la Kiswahili pamoja na ngeli yake. Neno usilojua mkazo wake hesabu kwamba hulijui.

Konsonanti zilizorundikana. Sisi tumezoea kutia irabu kila penye msongamano. Salamu yao rasmi tunaitoa "zidirasitivuite", na anayesalimiwa anabaki ameduwaa. Tamka "zdrástvuyte", taratibu, ukianza na mwisho wa neno: "vuyte", "stvuyte", "zdrástvuyte". Ile "v" ya kwanza iliyoandikwa kitabuni haitamkwi.

Tuna nafuu zetu pia. "R" yao ya kutetemesha tunayo. "Ny" ya nyumba ni ile ile iliyomo kwenye "nyet". "Kh" ya wazee wa pwani, ile ya kheri na khabari, ni yao kabisa. Na mtu aliyezoea kusema "kiti changu kizuri kimevunjika" hashangai akiambiwa kivumishi lazima kipatane na jina lake. Wamarekani hushangaa.

*Uko tayari ukiweza:* kusoma ratiba ya mkono bila msaada, na kusema kwa sauti maneno arobaini ya jikoni yakiwa na mkazo sahihi. Sarufi itakuja darasani.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza mlangoni

Vua viatu. Hili kwetu si geni, lakini kwenye nyumba ya Kirusi ni karibu sheria. Utakuta jozi za ndala za wageni mlangoni, zinaitwa "tápochki". Wewe una zako.

Usimpe mtu mkono juu ya kizingiti. Ingia kwanza, au mwache atoke. Usipige mluzi ndani, wanasema unafukuza pesa. Ukipeleka maua, yawe ya idadi witiri, maana shufwa ni ya msibani. Usimtakie mtu heri ya kuzaliwa kabla ya siku yenyewe. Kama umelelewa na bibi anayekataza kufagia usiku, hayo yote utayaelewa bila kufafanuliwa.

Kisha kuna kuita watu. Mwalimu au mlezi wa nyumba aliyekuzidi umri huitwa kwa jina lake na jina la baba yake. Tuseme yeye ni Anna na baba yake ni Ivan: ni Anna Ivanovna, kama sisi tunavyosema Asha binti Salim, na humwiti "Anna" peke yake hata akiwa mcheshi namna gani. Mtu huyo unamwambia "vy", ile ya heshima. Mwanafunzi mwenzako ni "ty". Ukiwa na shaka anza na "vy" na usubiri aliyekuzidi akuruhusu kushuka. Kushuka bila ruhusa ni sawa na kumpita mzee bila shikamoo.

## Hatua ya 5: Ifunge lugha kwenye mahali

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Nyumba nyingi zina kanuni ya jumla: "hapa tunazungumza Kirusi." Kanuni hiyo hufa ndani ya wiki tatu. Si kwa uvivu. Inakufa kwa sababu haisemi wapi, saa ngapi, wala mtu akikwama afanye nini. Mtu amechoka, ana jambo la haraka, anasema sentensi moja kwa Kiingereza, mwenzake anajibu kwa Kiingereza, na jioni yote imekwenda.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, chagua mahali pamoja. Jikoni ni bora kuliko sebuleni. Sebuleni watu huja kupumzika na simu zao, jikoni kila mtu anahitaji kitu: chumvi, kisu, nafasi kwenye jiko. Mahitaji huzaa maneno. Kubalianeni kwamba anayevuka mlango wa jikoni amevuka mpaka. Chumbani kwako sema unachotaka.

Pili, bandika sentensi za kujiokoa juu ya sinki, mahali ambapo macho yanafika ukiosha vyombo:

- "Kak skazát...?" (Inasemwaje...?), kisha onyesha kitu kwa kidole.
- "Yeshchó raz, pazhálusta." (Mara nyingine tena, tafadhali.)
- "Pamédlenneye." (Polepole zaidi.)
- "Ya nye panyimáyu." (Sielewi.)
- "Pagadí, ya dúmayu." (Subiri, nafikiri.)

Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Mara nyingi wenzako hukimbilia Kiingereza kwa sababu umenyamaza nao wanakuhurumia. Ukisema kwa Kirusi kwamba unafikiri, huruma inaisha na wanasubiri.

Tatu, zibeni mianya mitatu inayojulikana.

Mgeni: rafiki wa nje akiingia, nyumba nzima hugeuka kwa ajili yake. Mwekeeni utaratibu. Mgeni afundishwe salamu na "asante" mlangoni, kisha azungumze na mwenyeji wake tu kwa Kiingereza, nje ya jikoni.

Vichekesho: mtu ana jambo la kuchekesha, kwa Kirusi haliwezi, analitoa kwa Kiingereza. Mwacheni alitoe, kisha alirudie kwa Kirusi hata likiharibika. Kichekesho kilichoharibika huchekesha zaidi.

Ugomvi: vyombo vichafu, kelele, chakula kilichopotea kwenye friji. Hapa sikubaliani na wanaosisitiza Kirusi kila mahali. Mtu mwenye hasira asiye na maneno huonewa. Malalamiko ya kweli yafanyike kwa lugha ambayo wote wanaimudu, nje ya jikoni, kisha mrudi.

Nne, ongeza saa kidogo kidogo. Wiki ya kwanza ni chakula cha jioni tu. Wiki ya tatu jikoni muda wote. Katikati ya muhula ongeza ngazi na ukumbi. Ukianza na nyumba nzima siku ya kwanza, mtashindwa, na baada ya kushindwa hakuna atakayetaka kujaribu tena.

Tahadhari: usiwe askari wa lugha. Anayewakemea wenzake kila wakikosea huishia kula peke yake. Njia inayofanya kazi ni kujibu Kiingereza kwa Kirusi, kwa utulivu, kana kwamba hukusikia kingine.

*Utajua inafanya kazi* pale mtu atakapoingia jikoni usiku wa manane kutafuta maji, akukute humo, na maneno yake ya kwanza, bila kufikiri, yawe ya Kirusi.

## Hatua ya 6: Chukua zamu ya kupika

Zamu ya kupika ni darasa bora kuliko maabara ya lugha, kwa sababu unatoa amri na amri zinatekelezwa mbele yako. Anza na chakula unachokimudu kuliko wote humo ndani. Kwa wengi wetu hicho ni pilau.

Warusi wanakijua chakula hicho kwa jina la "plov", na kimewafikia kutoka Asia ya Kati, hasa Uzbekistan. Kwa hiyo huleti kitu kigeni. Unaleta toleo la Mombasa au Unguja, na mabishano yataanza yenyewe: kwa nini hujaweka karoti, kwa nini umeweka iliki. Hayo mabishano ndiyo somo.

Viungo kwanza. Bizari nyembamba ni "zirá". Karafuu ni "gvazdíka". Iliki ni "kardamón". Mdalasini ni "karítsa". Pilipili manga ni "chórny pyérets". Mpe kila mtu anuse na akwambie jina kabla hujamwambia wewe.

Halafu amri. Mmoja anakata vitunguu: "paryézh luk." Unamwambia mwingine akoroge: "peremesháy." Vitunguu vikianza kugeuka rangi, pale harufu inapopanda na kila mtu kuinua kichwa, utahitaji kusema haraka: bado, sasa, punguza moto, ongeza maji. Huna muda wa kutunga sentensi kichwani, na ndiyo maana yanabaki. Mwishoni unafunika sufuria, unasema "nye atkriváy krýshku", usifunue mfuniko, na lazima atokee mmoja wa kufunua. Mkemee kwa Kirusi.

Tahadhari kwa asiyekula nguruwe. Vyakula vingi vya Kirusi vinavyoonekana salama vina nguruwe ndani. "Pelmeni", vile vitobosha vya nyama, mara nyingi huchanganywa ng'ombe na nguruwe. Saladi ya Olivier, ile ya viazi na mayonezi ya mwaka mpya, huwekwa soseji ya kuchemsha. Jifunze "byez svinyíny", bila nyama ya nguruwe, na uwaambie wenzako wiki ya kwanza, siyo mezani wakati sahani imeshafika. Usalama uko kwenye "grechka", nafaka ya rangi ya kahawia inayopikwa kama wali, mikate myembamba ya "bliny", na "syrniki", vitumbua vya jibini laini.

Na chai. Wao hupika chai nzito sana kwenye birika dogo. Unamimina kidogo chini ya kikombe, kisha unajaza maji ya moto kutoka birika kubwa. Mmarekani mgeni hujaza kikombe chote na ile nzito, akalala saa kumi alfajiri. Chai huliwa na jamu au biskuti na huchukua saa nzima. Ukialikwa chai, usitazame saa. Kazi kubwa ya lugha hufanyika hapo, kuliko kwenye sherehe yoyote.

Kuhusu pombe niseme kwa ufupi. Umri halali Marekani ni miaka 21, na kesi ya pombe inaweza kukuletea matatizo ya viza ambayo mwenzako raia hatayapata. Anayekwambia kwamba bila vodka hujaishi Kirusi amejifunza Kirusi kwenye televisheni.

## Hatua ya 7: Mtumie mzungumzaji mkazi ipasavyo

Huyu kwa kawaida ni kijana aliyemaliza chuo, yuko mbali na kwao, ana masomo au kazi zake. Si kamusi. Ukimfuata na maswali yasiyo na mpango atakuchoka.

Mwombe jambo moja kwa wiki. Kwa mfano: "Wiki hii nisahihishe vitenzi vya mwendo tu, mengine yaache." Atakubali kwa furaha, kwa sababu umempunguzia kazi.

Vitenzi vya mwendo nimevitaja makusudi. Sisi tuna "kwenda" inayotosha kwa miguu, kwa basi na kwa ndege. Kirusi hutenganisha kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo, kisha hutenganisha safari moja ya kwenda na safari za kwenda na kurudi. Kitabuni ni majedwali ya kuumiza kichwa. Nyumbani ni swali moja unaloulizwa kila ukivaa viatu: "Kudá ty idyósh?" Jibu kikamilifu kila mara. Usiseme "maktaba", sema unakwenda maktaba, kwa miguu. Ukirudi utaulizwa ulikuwa umekwenda wapi, na kitenzi kitabadilika. Baada ya muhula mmoja wa mlango huo majedwali hutayahitaji.

Kuna sauti moja ya kumwomba akusikilizishe: konsonanti laini mwishoni mwa neno. "Mat" yenye "t" laini ni mama. Yenye "t" ngumu ni matusi ya nguoni. Usibahatishe hapa.

## Hatua ya 8: Vita, uraia na nani ni Mrusi

Tangu Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine kwa jeshi zima, meza ya nyumba hizi imebadilika. Anayezungumza Kirusi kama lugha ya kwanza anaweza kuwa ametoka Kharkiv, Almaty, Riga au Tbilisi, miji isiyo ya Urusi. Mtu wa Lubumbashi anazungumza Kiswahili na si Mtanzania, na hapendi kuambiwa ni Mtanzania. Hali ni hiyo hiyo.

Usimwite mtu Mrusi kabla hajajiita. Uliza ametoka mji gani, siyo ni kabila gani. Usianzishe mjadala wa vita kwenye chai ili upate mazoezi ya msamiati. Kuna watu mezani wenye ndugu mstari wa mbele, upande huu au ule. Wakianzisha wao, sikiliza. Sikio nalo linajifunza.

Na wewe utaulizwa mambo ya rangi yako na bara lako, mengine kwa udadisi, mengine kwa ujinga. Udadisi ujibu kwa Kirusi, ni mazoezi ya bure. Ujinga ujibu kwa lugha yoyote unayoweza kuitumia bila kukosea, kisha mweleze mlezi wa nyumba.

## Hatua ya 9: Panga pa kupumzikia

Kufikia wiki ya tano au ya sita kichwa hujaa. Maneno unayoyajua hayaji, unakasirika bila sababu, unakula chumbani. Si dalili kwamba umeshindwa, ila usipoipangia nafasi utaacha kushuka jikoni kabisa.

Weka saa maalumu ya Kiswahili. Piga simu nyumbani, ongea mpaka ucheke, funga simu, rudi chini. Waambie wenzako mapema kuhusu saa hiyo ili wasidhani unawakwepa. Majira ya baridi giza hushuka mapema sana kaskazini mwa Marekani, kwa hiyo toka nje mchana hata kwa dakika chache. Ukiona wiki inapita hutaki kuonana na mtu, nenda kituo cha ushauri cha chuo. Uliza gharama kwanza, vyuo vingi hawatozi mwanafunzi.

## Hatua ya 10: Pima, kisha amua kuhusu mwaka wa pili

Rekodi sauti yako kwa simu kila mwezi, dakika tatu, ukieleza jambo lile lile: jinsi ya kupika pilau, au siku yako ilivyokwenda. Usizisikilize hadi mwisho wa muhula. Kisha zisikilize zote kwa mfululizo. Usihesabu makosa, hesabu mapengo ya kimya. Mapengo yakipungua, nyumba inafanya kazi, hata kama vitenzi bado vimepinda.

Dalili nyingine: unaamka na sentensi ya Kirusi kichwani. Unamkatiza mtu. Unagombania kipande cha mwisho cha mkate na unashinda.

Mapengo yasipopungua, tatizo mara nyingi liko hatua ya tano. Rudi huko kabla ya kulaumu kipaji chako.

Ukitaka kubaki mwaka wa pili, uliza mapema, maana bahati nasibu ya vyumba hufanyika majira ya kuchipua na nyumba za lugha huwa na fomu zake za kabla. Uliza pia kama kuna kazi ya malipo ya kusimamia jiko au kuandaa Maslenitsa, ile wiki ya bliny kabla ya Kwaresima yao. Kazi ya ndani ya chuo inaruhusiwa kwa mwenye F-1, mradi isizidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Na ukitaka kwenda ng'ambo kuendeleza lugha, programu nyingi za wanafunzi wa Marekani zilihama kutoka Moscow na St Petersburg baada ya 2022, zikaenda miji kama Almaty, Tbilisi na Yerevan. Kwa pasipoti yako masharti ya viza si yale ya Mmarekani, kwa hiyo anza kuulizia ubalozini miezi sita kabla, na umwambie mratibu wa programu tangu kikao cha kwanza kwamba unasafiri na pasipoti ya Kenya, Tanzania au kokote unakotoka.